Ufagio Wenye Vifundo Viwili

Marehemu mume wetu alituachia vitu vitatu: nyumba, kazi ya kutengeneza fagio, na sisi wenyewe kwa wenyewe. Nyumba inavuja kidogo. Mke mwenzangu, Bi Mkubwa, anavuja maneno mchana kutwa. Lakini fagio zetu hazidondoshi hata unyasi mmoja.

Kwa hiyo hospitali ya serikali ilipotangaza zabuni ya fagio za mwaka mzima, tulijaza fomu, tukapeleka na ufagio mmoja wa sampuli. Wiki tatu baadaye ikaja barua: tumekataliwa, sampuli haikufika.

"Haikufika?" Bi Mkubwa akang'aka. "Niliupeleka kwa mkono wangu huu!"

"Upi, wa kulia au wa shoto?"

Hakucheka. Hapo nikajua mambo yameharibika.

"Mimi nimechoka, Bi Mdogo. Sokoni kila mtu anataka ufagio wa plastiki. Kama na hii imetushinda, nakwenda kukaa kwa binti yangu. Huko kuna wajukuu, na wewe hupo."

Akavuta sanduku kutoka uvunguni. Miaka arobaini tumegombana chini ya paa moja. Nikibaki kugombana na kuta nitaitwa mwehu. Alipogeuka, nikachukua kiatu chake kimoja nikakitumbukiza kwenye lundo la nyasi. Mtu hatokei kwa wakwe na kiatu kimoja.

Kisha nikaisoma barua tena, mpaka mwisho. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa akimchapa anayeacha mstari wa chini, na makalio yangu hayajasahau. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, palikuwa na maneno haya: asiyeridhika apeleke lalamiko kwa Msuluhishi Huru wa Manunuzi ya Serikali.

"Huru maana yake nini?" akauliza Bi Mkubwa.

"Hana bosi pale hospitali."

"Na nyumbani?"

"Tutamuuliza."

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Tulimkuta mtu wa makamo, miwani puani, chupa ya chai pembeni. Nilimpelekea ufagio mpya wa heshima. Akausukuma taratibu mpaka ukarudi upande wangu wa meza.

"Mama zangu, sipokei kitu. Hata chai hii nimetoka nayo nyumbani."

"Hata pole hupokei?"

"Pole napokea."

"Basi pole, mwanangu, kwa kazi isiyo na utamu."

Akacheka. Akatueleza kwamba yeye hagawi zabuni wala hafukuzi mtu kazi. Anasikiliza pande zote mbili, anapekua mafaili, kisha anasema wazi palipokosewa.

"Mnayo karatasi ya kupokelewa sampuli?"

"Hatuna."

"Sasa ufagio wenu tutautambuaje?"

Tukatazamana. Ikabidi tutoe siri ya nyumba. Mimi nafunga kwa mkono wa kulia, Bi Mkubwa ni shoto. Kila mmoja anaamini kifundo cha mwenzake kitafunguka, kwa hiyo nikishafunga changu, naye anafunga chake juu yake.

"Hakuna ufagio mwingine duniani wenye vifundo viwili vilivyonuniana," nikamwambia.

Kesho yake alituita hospitali. Ofisa manunuzi, bwana mwenye tai fupi na kitambi kirefu, akamfungulia rejista.

"Unaona, Msuluhishi? Haipo."

"Sampuli mnaweka wapi?"

"Stoo, zikisubiri kuandikwa."

Mara mfagizi, mama wa miraba minne, akaingia na vumbi lake. "Samahani, inueni miguu."

Bi Mkubwa akainua miguu, halafu akainua sauti. "Kifundo changu hicho!"

"Na changu kiko chini yake!" nikadakia.

Msuluhishi akauomba ufagio, akauinamia mpaka miwani ikamteleza. "Huu umeutoa wapi, mama?"

"Stoo, siku ileile ulipoletwa. Zile nyingine zinanyonyoka kama kuku mgonjwa. Huu sirudishi, hata mniandikie barua."

Ofisa akatazama rejista, akatazama ufagio. "Kumbe uliondoka kabla sijauandika," akasema kwa sauti ya chini.

Msuluhishi akapendekeza sampuli zote zipimwe upya, mbele ya walioomba wote, na wafagizi wawemo.

"Hata wenu unaweza kushindwa," akatuonya.

"Kwa haki?"

"Kwa haki."

"Hapo tutalia vizuri."

Hatukulia. Barua ya pili ilipofika niliisoma mpaka mwisho, na Bi Mkubwa akalirudisha sanduku uvunguni kwa teke.

"Kilichoonekana kwanza ni kifundo changu," akasema.

"Kilichoshika ni changu."

Nikaona niwe muungwana. Nikachomoa kiatu kwenye nyasi, nikawasingizia panya. Hakukipokea.

"Kaa nacho. Kinanibana tangu mwaka juzi. Vya safari vilikuwa sandukuni."

"Kumbe ungeondoka kweli?"

"Nilikuwa nasubiri uniombe nisiende."

"Ningekufa kwanza."

"Najua. Sogeza nyasi, tuna fagio mia tano."