Madoa Mawili

Mtaani walimwita Brashi. Alikuwa ameandika mabango ya maduka kwa mkono miaka ishirini na mitatu, na herufi zake zilinyooka utadhani zimepigwa kwa rula. Kwa hiyo mwenye duka la dawa alipotoka nje kutazama kazi mpya, alidhani anataniwa.

"Fundi, ndiyo nini hii? UKA LA DAWA?"

Brashi akarudi nyuma hatua tatu, akakaza macho. Hakuona kasoro. Mwenye duka akamshika mabega, akamgeuza kidogo kushoto, ndipo akaliona pengo. Akafunga kopo la rangi, akaenda zake.

Nyumbani alimweleza mkewe, karani wa shule, ambaye alikuwa amenuna wiki nzima kwa sababu mumewe alikuwa akila nusu sahani tu. Sasa akakumbuka: ni nusu ya kulia. Ya kushoto hakuigusa kabisa. Na lile bega la kushoto, kila siku kugonga mlango! Miaka miwili nyuma Brashi alitolewa figo moja yenye saratani, na wote wawili walishajiaminisha kwamba yale yamepita.

Picha ya kichwa ilionyesha madoa mawili kwenye ubongo.

"Ni saratani ile ile ya figo, imesafiri," daktari aliwaambia. Alikuwa mama mnene, msema polepole. "Lakini ni mawili, tena madogo, na sehemu nyingine za mwili ziko shwari. Yangekuwa ishirini, tungeongea mengine."

"Nimebakiza muda gani?"

"Daktari, usimjibu," mkewe akadakia.

"Mama watoto, kichwa ni changu. Niache nijue."

Daktari alimtazama mke kwanza, kisha mume. "Zamani tulihesabu miezi. Siku hizi, wenye madoa machache kama wewe, wengi wanavuka mwaka, wengine miwili au mitatu, wachache zaidi ya mitano. Wewe utaangukia wapi, sijui. Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Mkewe alilia kwenye ngazi za hospitali. Brashi, kwa kweli, alipumua. Alikuwa amejiandalia neno baya zaidi.

Walimtengenezea kinyago cha plastiki cha kumbana uso asitikisike, wakamlaza chini ya mashine, mionzi ikalenga madoa yale tu. Hakusikia maumivu. Kilichomtesa ni vidonge vya kupunguza uvimbe: vilimnyima usingizi, vikamfanya ale kama mchwa na kufoka ovyo. Siku moja alimfokea mkewe kwa sababu ya kijiko. Mkewe akakiweka kijiko mezani, akasema, "Hivyo vidonge vikiisha na wewe bado uko hivi, nitajua ni tabia." Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Baada ya miezi mitatu doa moja lilikuwa limetoweka, la pili limesinyaa. Upande wa kushoto ulirudi taratibu. Kwa tahadhari, Brashi alizoea kupiga mstari mwekundu wa chaki pembeni mwa ubao, upande wa kushoto, na kutoanza kuandika kabla hajauona.

Mwaka wa pili likatokea doa la tatu. Safari hii alijifungia ndani siku nne, hata kazini hakwenda. Siku ya tano akaenda mwenyewe kupimiwa kinyago kingine. Nalo likapigwa mionzi, likanywea.

Sasa ni mwaka wa nne. Juzi mkuu wa shule anayofanyia kazi mkewe alimwita Brashi aandike ukuta mzima wa mbele, jina la shule kwa herufi za urefu wa mtu.

"Utaanza lini, fundi? Jumanne?"

"Jumanne napigwa picha ya kichwa," Brashi akasema, akipima ukuta kwa hatua. "Weka Jumatano."

"Na picha ikija vibaya?"

"Basi tutaongea Jumatano hiyo hiyo. Ngazi ndefu mnayo, au nije na yangu?"