Sura ya Mwisho ya Stesheni

Mzee aliyeitwa Stesheni alikuwa na vikombe vya shukrani vya kutosha kunywesha chai mtaa mzima. Kila mwaka chama cha kuwarekodia vitabu watu wasioona kiliwashukuru wasomaji wake wa kujitolea kwa kikombe, fulana na hotuba ndefu, na kila mwaka binti yake alimuuliza hiki nacho akiweke wapi. Jina la Stesheni lilitokana na kazi. Alikuwa ametangaza treni mpaka akastaafu, na wasikilizaji walisema akitamka "Sura ya Tisa" mtu anatamani kunyanyua begi lake akapande.

Mwaka huo mratibu wa wasomaji, mwanamke kijana asiyejua kukaa kitako, alisema vikombe sasa basi. Akachukua kinasa sauti, akapita nyumba kwa nyumba, akamwomba kila msikilizaji amwambie msomaji wake neno kwa mdomo wake mwenyewe. Wasomaji walikuwa wametoa sauti zao, basi na wao walipwe kwa sauti. Wazo zuri, nani angelikosoa? Tatizo ni kwamba Stesheni alikuwa hasikii.

Masikio yalimuaga kidogo kidogo. Kwanza kengele ya mlango, kisha redio, mwisho wajukuu. Aliyejua ni binti yake peke yake.

"Baba, waambie," alimsihi, akisimama mbele yake ili amsome midomo. "Hakuna aibu hapo."

"Nikiwaambia wataninyang'anya maikrofoni."

"Si una nyumba? Una wajukuu, una mimi."

"Nyinyi mnanipenda, mwanangu. Kule wananihitaji."

Binti akasonya, akaenda kuosha vyombo. Alimjua baba yake akishakata shauri.

Chumba cha kurekodia kilimsitiri. Mle ndani watu huongea kwa vidole. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, anainua kidole, taa nyekundu inawaka, msomaji anaanza. Taa ikizimika, ananyamaza. Stesheni alipiga chenga namna hiyo muda mrefu tu. Lakini mtu asiyejisikia hawezi kuishika sauti yake. Siku moja, amebakiza sura moja amalize riwaya ya dada anayemtafuta kaka yake, alimwona fundi anavua vipokea sauti masikioni na kufumba macho, kama mtu aliyetafuna kitu kwa jino bovu. Mzee akaelewa. Safari iliyofuata akasingizia koo. Kisha mafua. Kisha mgongo, utadhani kitabu husomwa kwa mgongo. Sura ya mwisho ikalala.

Siku ya shukrani walikusanyika kwenye ukumbi mdogo wa chama: viti vya plastiki, maua mezani, spika mbili. Stesheni alikaa mbele, amevaa koti alilovaa siku ya kumwoza binti yake. Mratibu alisema kitu, watu wakapiga makofi, naye akapiga. Kisha mabega ya watu yakatulia, akajua spika zimeanza. Mbinu yake ilikuwa rahisi: alimtazama jirani yake, mama msomaji wa hadithi za watoto. Mama akitabasamu, anatabasamu. Mama akitikisa kichwa, naye anatikisa.

Halafu mama akageuka kumtazama yeye. Wote wakageuka. Ilikuwa zamu yake, na hapakuwa na uso wa kuigiza.

Akacheka. Alicheka kile kicheko chake kikubwa, akajipiga goti.

Hakuna aliyecheka naye. Mama wa hadithi za watoto alijiziba mdomo. Mratibu akazima mashine, akamjia, akaanza kusema haraka haraka, na mzee akaona midomo inakimbia mbele yake bila kuambulia hata neno.

"Sisikii," akasema. Labda alipiga kelele, labda alinong'ona, hakuwa na njia ya kujua. "Sijasikia kitu tangu mwaka jana. Nani alikuwa anaongea? Niambie taratibu, nikuone mdomo."

Mratibu akapiga magoti mbele ya kiti. "Bibi wa Dirishani," akasema. Huyo alikuwa msikilizaji wake wa siku nyingi, aliyekaa kutwa dirishani na redio yake ya kaseti mapajani. "Amefariki, Mzee. Nilikupigia simu kukupa msiba. Ukaniambia asante, tutaonana."

Stesheni aliikumbuka simu hiyo. Aliiona inatikisika mezani, akaipokea bila kusikia kitu, akadhani ni mtu wa umeme.

"Amesema nini?"

Mratibu akaanza, midomo ikamtetemeka, akaanza tena.

"Usilie, mwanangu. Ukilia midomo inanichanganya."

Mratibu akajifuta uso kwa kiganja, akatamka neno moja moja. "Anasema asante. Anasema uuguze koo, usijiharakishe kwa ajili yake. Ila anaomba kitu kimoja. Kama hutarudi kusoma, mtu amwambie tu, yule dada na kaka yake walionana?"

Mzee akainamisha kichwa. Wakati wote ule kitabu kilikuwa nyumbani, mezani, kando ya miwani yake. Yeye alikuwa akiilinda maikrofoni, na mwenzake alikuwa dirishani akingoja. Iliuma, iliuma mno, na hakuwa na wa kumlaumu.

Akasimama. Kitabu alikuwa nacho kwenye mfuko wa koti, maana kila alipotoka alikibeba kama mtu atakayerudi kesho. Akaingia chumba cha kurekodia, akafunga mlango, akavaa miwani. Fundi akamfuata, akaketi nyuma ya kioo. Wengine wakasimama nyuma ya fundi, mratibu akiwa mbele yao.

Fundi akainua kidole kama siku zote.

Taa nyekundu haikuwaka.

Stesheni aliitazama ile taa, kisha akamtazama fundi, ambaye alikuwa ameuma mdomo na kidole chake bado kiko juu. Hakuna kilichokuwa kikirekodiwa, naye hakumkasirikia. Enzi zake za stesheni, yeye mwenyewe angemwondoa mtangazaji mwenye sauti kama hii yake ya sasa, tena kwa upole vilevile.

"Sura ya Mwisho," akaanza, na akasoma yote, taratibu, bila kuruka mstari, mpaka pale dada anapofungua mlango na kumkuta kaka yake amesimama nje na sanduku mkononi. Walionana. Sentensi hiyo aliisoma mara mbili, kwa ajili ya Bibi, kisha akafunga kitabu.