Fundi Ndeti Agonga Mara Tatu

Ko, ko, ko. Mwelu aliweka chini sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, akasikiliza. Sauti ilitoka kifuani mwa mumewe, Mwanzia, seremala wa Gikomba, aliyekuwa akifunga kamba za viatu mlangoni mwa nyumba yao ya mtaa wa Jericho, Nairobi.

"Ni fundi Ndeti," alisema Mwanzia. "Anagonga mara tatu."

Ndeti ndiye aliyemfundisha useremala, na alikuwa amekufa miaka sita iliyopita. Alipokuwa hai alikagua kila kiungo cha mbao kwa kukigonga kwa kifundo cha kidole: mara mbili, kimeshika; mara tatu, kimelegea, bomoa.

"Basi hajaja kutusalimu," alisema Mwelu. "Vaa koti."

Miaka tisa nyuma, hospitali moja ilimwekea Mwanzia stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa wa moyo usizibe. Kwenye faili waliandika: imekaa sawa. Kila aliporudi na maumivu, walimsomea faili.

Daktari Nasambu, wa hospitali nyingine, hakusoma faili. Alipitisha uzi mwembamba wenye taa kwenye kifundo cha mkono wa Mwanzia hadi moyoni, na mshipa ukaonekana kwenye skrini kutoka ndani. Stenti ilikuwa imeshika upande mmoja. Upande wa pili ilining'inia, damu ikipita nyuma yake. Katika uwazi huo alichuchumaa mzee mwenye aproni, penseli sikioni.

"Mwambie asogee kidogo, ananizibia mwanga," alisema daktari.

Mzee alisogea. "Wewe Mwanzia, nani alipima hapa? Hii ni fremu ya dirisha la choo, wameipachika kwenye mlango wa kanisa!"

"Ni kweli," alisema daktari. "Mshipa ni milimita tatu na nusu. Waliweka ya mbili na nusu, na hawakuchungulia."

Akajaza puto ndani ya stenti mpaka ikalala kwenye ukuta wa mshipa. Ndeti akagonga mara mbili, akakusanya misumari yake.

Mwanzia alipeleka picha za ndani ya mshipa kwenye hospitali ya kwanza. Karani alimtambua Ndeti pichani, aliyewahi kumtengenezea kabati, kisha akasema faili iliyofungwa haifunguliwi. Imekaa sawa. Nyuma ya karani, wagonjwa watatu wa siku hiyo walikuwa wakiandikiwa maneno hayo hayo.

Mwanzia alirudi Jericho kwa miguu, bila kupumzika njiani hata mara moja. Sokoni alimkuta Koki, muuza mitumba, aliyewekewa stenti wiki moja naye, miaka tisa nyuma, katika hospitali ile ya kwanza, kitanda cha pili kutoka chake. Alikuwa akikunja shuka. Kifuani mwake: ko, ko, ko.

"Unamsikia mzee wako?" alisema Koki. "Tangu asubuhi. Wateja wanadhani ni simu, wananiambia nishike."

"Namsikia," alisema Mwanzia, akamweleza uzi wa Daktari Nasambu.

"Huo uzi nauogopa, Mwanzia."

Mwanzia alishika pembe mbili za shuka, wakaikunja pamoja.

"Dada Koki, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi niko mlangoni pako. Uzi utapita mkono mmoja. Ule mwingine nitaushika mimi, mpaka agonge mara mbili."