Kadi Iliyotunzwa Sana

Serah aliitoa kadi kwenye bahasha ya kaki, akailaza juu ya kitambaa cheusi.

"Angalia, Mama. Haijaguswa na maji wala vumbi. Tuliitunza vizuri."

Mama Vasanti hakuigusa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa, mzaliwa wa Kisumu, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akinunua na kuuza stempu, sarafu na kadi za wachezaji katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa, mtaa wa Southall, ng'ambo. Aliinamisha taa, akachungulia kwa lenzi, kisha akaizima taa kabla hajasema neno.

"Kwenye picha uliyonitumia nilidhani ni kifuko tu cha plastiki, cha kutoa na kurudisha," alisema. "Hii ni laminesheni."

"Ndiyo. Baba aliipeleka mjini mwaka wa tisini na tisa, paa lilipovuja. Cheti changu cha kuzaliwa, barua yake ya kazi na hii kadi. Siku moja, kibanda kimoja."

"Wakenya! Mngeweza kumpiga nyanya yenu laminesheni, mngempiga."

"Na wewe si Mkenya?"

"Ndiyo maana najua. Hati ya shamba la marehemu mume wangu iko vivyo hivyo. Inang'aa kama menyu ya hoteli."

Serah alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

Kadi ilikuwa ndogo kuliko kiganja. Ilitoka ndani ya pakiti ya chingamu mwaka 1971, ikiwa na picha ya winga Clive Marden, mikono kiunoni. Mwaka uliofuata Marden alifika Nairobi na timu yake, akala katika hoteli ambako Absalom, baba yake Serah, alikuwa mhudumu wa meza. Marden alitoa kadi mfukoni, akaazima kalamu ambayo Absalom aliandikia oda, akaandika kwamba ni kwa Absalom, akatia saini. Miezi saba baadaye alikufa katika ajali ya gari akiwa na miaka ishirini na minne. Kadi zake zenye saini zinazojulikana hazifiki kumi na tano. Ndiyo sababu Mama Vasanti, alipoiona picha, alipiga simu siku hiyohiyo kusema ana mnunuzi, Yogesh, atakayetoa pauni elfu mbili na mia nne.

Serah alihitaji elfu moja na mia tisa kufikia Jumamosi. Kwa kiasi hicho, kodi pamoja na amana, rafiki yake Jacqueline, nesi wa Ilford, angempa chumba. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Chumba alichokaa sasa, Thamesmead, kilikuwa cha Elkana. Elkana pia ndiye mwenye kampuni ya kuhudumia wazee majumbani iliyodhamini viza yake, na barua zote za nyumba hiyo zilipitia mikononi mwake. Kampuni nyingine, ya Ilford, ilikuwa tayari kumdhamini Serah. Barua yao ya kwanza Elkana alimkabidhi ikiwa imefunguliwa. "Nilidhani ni bili ya stima," alisema. Wiki hiyo Serah alipachika komeo upande wa ndani wa mlango wake. Aliporudi kutoka kazini alikuta komeo limeng'olewa, yamebaki mashimo manne ya skrubu. "Hapa ni nyumbani, dada," Elkana alimweleza. "Nyumbani hatufungiani milango." Tangu hapo aliingia kila asubuhi saa kumi na mbili kukagua kama hita imezimwa. Hakuwa akibisha hodi.

"Nieleze kasoro," Serah alisema. "Nipunguzie kinachostahili kupunguzwa."

"Kadi yenye saini hupimwa mara mbili," alisema Mama Vasanti. "Kuna alama ya kadi na alama ya saini. Pembe zikipondeka, alama ya kadi inashuka, lakini anayetafuta saini huvumilia. Mkunjo pia, mradi usipite juu ya wino. Jina la mtu hupunguza bei kidogo, kwa sababu si kila mnunuzi anaitwa Absalom. Wino ukififia, hapo bei inaanguka. Hizo ndizo kasoro. Yako haina hata moja ya kutisha."

"Basi?"

"Lakini imeungana na plastiki kwa moto. Wapimaji hawataipa alama yoyote. Wataandika kwamba saini ni ya kweli na kadi imebadilishwa. Hapo ni pauni tisini. Mia, kama mnunuzi ana huruma, na hawa watu hawana."

"Baba angeiacha ipate ukungu kwenye droo?"

"Ukungu ungekugharimu nusu ya bei. Yeye alikugharimu karibu yote."

Simu ya Serah ilitetemeka mezani. Jina la Elkana lilionekana wazi, na Mama Vasanti akalisoma bila kuficha.

"Uko wapi?" sauti ya Elkana ilisikika chumba kizima. "Simu inaonyesha uko Southall. Southall una nani?"

"Nanunua viungo."

"Viungo mpaka Southall? Thamesmead hakuna binzari? Haya, saa kumi uwe kwa yule mzee wako. Na uniletee sambusa, za mboga."

Serah aliigeuza simu ikalala kifudifudi.

"Mwambie Yogesh ni kifuko," alisema. "Si ulidhani hivyo mwenyewe? Akinunua kwa picha..."

"Ataipokea Jumatatu, atajaribu kuifungua, na Jumanne atakuwa amekaa hapo ulipokaa. Hapana, binti."

"Basi itoe ndani ya plastiki. Wewe unajua dawa."

Mama Vasanti aliinamia kadi tena kwa lenzi. Kabla ya stempu alikuwa mwalimu wa kemia, na hakupenda kujibu swali la kemia kwa kukisia.

"Kuna dawa inayolainisha gundi ya plastiki," alisema. "Karatasi hutoka. Swali ni wino. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kirahisi, ingawa kuna uliokaa miaka mingi ukagoma. Siwezi kujua kwa kutazama. Ningehitaji karatasi nyingine iliyofungwa kwa plastiki hiyohiyo, yenye saini ya kalamu ya aina hiyo."

Wote wawili waliitazama bahasha, ambamo cheti na barua vilikuwa vimebaki.

Serah alitoa barua ya kazi ya baba yake. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, imepigwa taipu. Ilisema kwamba Absalom alihudumu katika hoteli hiyo miaka thelathini bila karipio hata moja. Chini yake meneja alikuwa ametia saini kwa kalamu ya buluu. Absalom aliitundika ukutani, juu ya redio, hadi alipofariki.

"Ikiharibika?" aliuliza Mama Vasanti.

"Barua haina mnunuzi."

"Sikuuliza hivyo."

"Fanya, Mama."

Mama Vasanti alifungua dirisha, akavaa glavu. Alikata kingo za plastiki kwa wembe, akaichovya barua katika trei ya glasi yenye dawa, akageuza saa ya mchanga ya kuchemshia mayai. Harufu kali ilijaa chumbani. Serah alisimama mikono nyuma, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mchanga ulipokwisha, plastiki ilibanduka pande zote mbili, laini kabisa, na maandishi ya taipu yalikuwa yote mahali pake.

"Imetoka!"

"Ngoja."

Buluu ilianza kutambaa. Saini ya meneja ilivimba, ikawa doa, doa likasambaa kwenye dawa mpaka trei ikawa na rangi ya anga hafifu. Mama Vasanti aliinua karatasi kwa koleo. Pale palipokuwa na jina la meneja palibaki peupe.

"Jaribio moja si ushahidi," Serah alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Cheti changu cha kuzaliwa kimesainiwa kwa kalamu pia."

"Nacho kitakuwa ushahidi wa pili wa jambo lilelile. Usinipe cheti chako. Humo ndani ya plastiki saini ya Marden itaishi miaka mingi kuliko mimi na wewe. Nje haitaishi dakika tatu."

Aliahidi kumpa pauni tisini kama atataka kuuza. Serah alikataa, tisini isingefungua mlango wowote. Aliirudisha kadi kwenye bahasha, akaomba barua, ambayo sasa ilikuwa karatasi ya kawaida yenye unyevu, na vipande viwili vya plastiki.

"Hivyo ni takataka."

"Ni vyangu."

Ndani ya treni ya njia ya Elizabeth alimwandikia Jacqueline kwamba ampe mwingine chumba. Jacqueline alijibu kwa alama ya moyo, kisha kwa swali: kwa hiyo utafanyaje? Serah aliitia simu mfukoni. Alishuka kituo cha Abbey Wood na sambusa za mboga mkononi, akamhudumia yule mzee hadi mwisho wa zamu.

Kabla ya kulala alikunja vipande vya plastiki mara nne, akavikunja tena, vikawa kabari ngumu yenye unene wa kidole. Alivisukuma chini ya mlango kwa kisigino cha kiatu mpaka vikagoma kuendelea.

Saa kumi na mbili asubuhi kitasa kiligeuka. Mlango ulisogea kiasi cha ukucha, ukakwama.

"Serah?" Kitasa kiligeuka tena. "Serah, mlango una nini?"

Serah alikuwa ameketi kitandani, barua ya baba yake magotini. Ilikuwa imekauka usiku. Alikuwa hajawahi kuigusa karatasi yenyewe. Ilikuwa na mibonyeo midogo ya taipu aliyoihisi kwa vidole.

"Hita imezimwa," alijibu.

"Nafungua nione."

"Bisha hodi."

Alisikia bega likiegemea ubao. Plastiki ilikwaruza sakafu, ikasimama. Dirisha la chumba halikuwa la kufunguka, na mlango ulikuwa huo mmoja tu. Serah aliikunja barua, akasubiri hodi.