Bahasha ya Kumi na Moja

"Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyepinga?" mwenyekiti wa kamati aliuliza. Wabunge kumi na mmoja wakainamia makaratasi yao kama wanafunzi waliosahau kazi ya nyumbani.

Mlangoni, birika la chai mkononi, alisimama mhudumu wao. Walimwita Mzee Posta, maana bahasha zake hazikuwahi kupotea. Kanuni ya kamati aliijua kuliko wao. Serikali ikitaka kuwapa silaha waasi wa nchi nyingine, huiletea kamati taarifa ya siri. Siku kumi na tano zikipita bila mbunge hata mmoja kuandika pingamizi, silaha huondoka.

Ziliondoka. Juma lililopita waasi wale walizielekeza sokoni, asubuhi, watu wa nchi yao wenyewe wakinunua mboga.

"Mimi ningepinga," alisema Mama Kwanini, mbunge aliyepewa jina hilo kwa kuuliza bila kuchoka. "Sikuiona taarifa hiyo. Lakini daftari la kupokelea bahasha linasema niliipokea. Labda uzee umeniingia."

Wenzake wakacheka kidogo. Wao walipelekewa bahasha zao majumbani wakati wa likizo, wakazipokea kwa mikono yao, na hawakuzifungua.

Mzee Posta hakucheka. Bahasha ya kumi na moja ilikuwa ya Mama Kwanini, nyumba ya mlimani, na siku hiyo goti lilimuuma vibaya. Alifika katikati ya mlima, akajisemea kwamba mama huyu lazima amesafiri, akageuka. Akatia sahihi daftarini kwa niaba yake, akairudisha bahasha kwenye kabati la siri. Miaka ishirini na sita ya kazi safi, na uvivu wa dakika kumi!

Kikao kilipoisha alimfuata mbunge yule, akamweleza yote, hata goti.

"Nilidhani umesafiri, mama. Nisamehe."

Mama Kwanini alivua miwani.

"Sikusafiri, mzee wangu. Nilikuwa nje napaka rangi geti. Nilikuona ukipanda, pole pole, unashika kiuno. Nikasema huyu atafika na kiu. Nikaingia ndani kukuchotea maji." "Nilipotoka hukuwepo. Nikadhani umeingia kwa jirani."

Nje dereva wa mbunge alipiga honi mara moja, kisha mara ya pili. Hakuna aliyesogea.