Mungu wa Meno Juu ya Godoro Langu

Msumari wa zamani ukikataa kutoka, usiuvute. Uzamishe kwanza. Ugonge kichwani hadi usikie umelia, ujue kutu imeuachia mti. Tia tone la mafuta ya haradali, weka kibao chini ya mtaimbo, ndipo uvute. Wakubwa wetu wa kata hapa Bhaktapur, Nepal, nao ni misumari, ila wao ukiwatia mafuta ndiyo wanazidi kujichimbia.

Mimi nilikuwa nahitaji boriti moja tu. Tetemeko lilipoangusha nyumba zetu, serikali ilitupeleka kwenye vibanda vya mabati, ikasema ni kwa muda. Mke wangu Ratnamaya muda ulimwishia humo, kifua kimejaa baridi ya mwezi wa Pus, na msaada wa kujengea ukiwa bado unatafutiwa mhuri. Nikarudi kiwanjani kwangu peke yangu, nikainua kuta kwa udongo na matofali yetu yale yale. Mwenyekiti wa kata, Hari Govinda Duwal, akatangaza kwa kipaza sauti: kiwanja kitakachokutwa na mvua bila paa kitahesabiwa kitupu, na barabara ya magari ya watalii itapita hapo. Pau nilikuwa nazo. Vigae nilikuwa navyo. Boriti ya kuvibeba sikuwa nayo.

Kwenye lundo la kata la mbao za nyumba zilizoanguka, ambalo mwenyekiti mwenyewe alisema kila mtu aje achukue chake, lilibaki gogo moja lisilo na mwenyewe. Mti wa sal, mgumu kama moyo wa karani, mweusi kwa moshi kama boriti yoyote iliyokaa juu ya jiko. Nikalikokota hadi nyumbani. Nilipoligeuza ule upande uliokuwa matopeni nikakuta misumari imebanana kichwa kwa kichwa, nungunungu mtupu. Nikamtukana fundi aliyeipigilia, nikamtukana na fundi aliyemfundisha. Nikazamisha, nikatia mafuta, nikavuta. Iliyokatika kichwa nikaichimba kwa tindo. Hadi jua linashuka gogo lilikuwa safi, na debe la misumari liko kando, nainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe.

Asubuhi akaja jirani yangu Nhuchhemaya kuomba moto. Akaliona debe, akaliona gogo, akashika shavu.

"Shemeji, hili umelitoa wapi?"

"Kwenye lundo la kata."

"Si ndiyo nguzo ya kile kibanda cha wapita njia kilichoanguka pale njia panda?"

"Mimi nitajuaje? Gogo halina kitambulisho."

"Umemng'oa mungu wa meno," akasema.

Nikakaa chini. Tangu enzi za mababu, mtu wa mtaa huu akiumwa jino alikwenda kupigilia msumari kwenye nguzo ile, maumivu yakabaki mtini. Wang'oa meno walifungua vibanda vyao hapo hapo, maana walijua mungu ana foleni. Ratnamaya alipigilia mara mbili, na jino likaja kutoka kwa koleo.

"Umefungulia maumivu ya mtaa mzima," akasema Nhuchhemaya. "Sasa yaende wapi? Wengine wenyewe walishakufa."

"Yawafuate huko huko."

"Langu limeshaanza kuuma."

"Shemeji, wewe una jino moja."

"Ndilo hilo."

Kufika mchana ua wangu ulijaa watu walioshika mashavu, na wengine siku ile ile walikuwa wakitafuna mahindi makavu bila tatizo. Mwisho akaja mwenyekiti, taya limefungwa kwa skafu, shavu limevimba kweli.

"Hilo gogo ni urithi wa taifa," akasema. "Lirudishwe. Na kila msumari kwenye tundu lake."

"Juzi lilikuwa takataka."

"Mzee, usinijibu hivyo. Nitaleta polisi."

Nililitazama gogo, nikatazama kuta zangu zisizo na kichwa. Nikilitoa, mvua itanikuta wazi, na basi la watalii litapita juu ya mahali Ratnamaya alipokuwa akipika.

"Sawa, mwenyekiti," nikasema. "Nalibeba sasa hivi. Nilisimamishe wapi?"

Akajifunga skafu upya. Mahali pa kile kibanda sasa palikuwa na duka la simu la mpwa wake, na kila mtu pale uani alilijua.

"Mungu amelala matopeni mwaka mzima," Nhuchhemaya akamwambia, "na sasa unataka umsimamishe katikati ya chaja?"

"Tutamtafutia mahali. Kamati itakaa."

"Kamati ikae, mimi jino linauma leo."

"Basi akae kwangu," nikasema. "Kuta zipo. Akipanda juu, paa lipo."

Hawakungoja kamati. Wale wagonjwa wa meno, ambao nilipowaomba wanisaidie kuinua kuta walikuwa na viuno vibovu, walilibeba gogo mabegani na kulipandisha. Mwenyekiti akawa anasema mhandisi hajapitisha. Halafu akanisogelea.

"Mzee, nipe msumari mmoja."

Nikampa. Akapanda kigoda, nikamshikia. Msumari wa kwanza ukapinda. Wa pili ukapinda.

"Huo ni sal, mwenyekiti. Haupokei amri."

Watu walicheka huku wameshika mashavu. Wa tatu uliingia. Kabla hajashuka nikamuuliza kwa sauti ya kufika uani, "Barabara itapita hapa?"

Alipapasa jino kwa ulimi, akatazama msumari wake.

"Itazunguka," akasema.

Mvua zimekuja, napika wali wangu, naishi pakavu. Ila watu wanaingia kabla sijaamka, wanavua viatu, wanapita juu ya godoro langu na nyundo mkononi. Jana nimemwambia Nhuchhemaya awaeleze wapigilie kwenye ncha, kwa sababu uzito wa paa uko katikati, na mti ukipasuka hapo tutafukiwa wote, mimi na mungu.

"Mungu hapangiwi, shemeji," akasema, akapigilia katikati.