Kanuni ya Kumi na Nne ya Mradi wa Liko Wapi

Tu Pi-hsia alisahihisha gazeti kwa miaka ishirini na sita mjini Tainan, mpaka gazeti lilipoacha kuchapishwa kwenye karatasi na wasahihishaji wote saba wakarudishwa nyumbani, kila mmoja na saa yake ya ukutani kama zawadi. Alikuwa na miaka hamsini na nane, macho makali bado, na hakuweza kusoma kitu bila kushika kalamu. Alisahihisha menyu za migahawa. Alisahihisha matangazo ya kwenye lifti. Kwa hiyo siku alipoweka kwenye simu yake programu ya Liko Wapi, inayomwambia mtu lori la taka limefika barabara gani, maana huko kila mtu hushuka mwenyewe na mfuko wake lori linapopita, hakuvutiwa na ramani yake wala kengele yake. Alivutiwa na mwongozo wake, kwa sababu ulikuwa umejaa makosa.

Liko Wapi ilikuwa programu huria. Haikuwa mali ya kampuni yoyote. Iliandikwa na watu wa kujitolea wenye kazi zao nyingine, na mtaa wowote ulioitaka uliichukua bure na kuisimika kwenye kompyuta ya ofisi ya mtaa, kwa kufuata mwongozo uliokuwa kwenye tovuti. Mtu yeyote aliruhusiwa kupendekeza badiliko. Mwezi wa kwanza Pi-hsia alipendekeza mia moja na matatu. Mwezi wa pili wakamkabidhi mwongozo mzima, pengine ili wapate kupumua.

Kiongozi wa mradi alikuwa Chuang Yen-kai, kijana wa miaka thelathini na tatu, fundi kwelikweli. Alikuwa na adabu zake: alimwita Pi-hsia Dada Mkubwa ingawa angeweza kuwa mama yake, na kila Jumamosi walipokutana alimwagizia chai isiyotiwa sukari kabla hajaomba. Ila alikuwa na tabia moja. Alibadilisha programu bila kumwambia mtu. Pi-hsia angemaliza kueleza ukurasa mzima jinsi ya kutumia kitufe fulani, halafu asubuhi akute kitufe kimehama, kimebadilishwa jina, au hakipo kabisa, na maelezo yake yamebaki yanaelekeza watu ukutani.

"Dada Mkubwa, usijiumize," alimwambia siku aliyolalamika. "Mwongozo hakuna anayeusoma. Watu wakikwama wanabonyezabonyeza tu mpaka ikubali."

Pi-hsia alitabasamu, akanywa chai yake. Lakini ndani aliumia. Na Pi-hsia akiumia hakuwa mtu wa kulia wala wa kugomba. Alikuwa mtu wa kutega.

Utaratibu wa mradi ulitaka kila badiliko liidhinishwe na mtu wa pili, na ya Pi-hsia yaliidhinishwa na Yen-kai, kwa kuweka alama ya dole gumba. Alianza kumpima kwa ile saa ya ukutani. Ukurasa wa maneno elfu nne: sekunde sita. Ukurasa wa maneno elfu saba, wenye majedwali: sekunde tano. Basi akaingiza sentensi moja kwenye sura ya usimikaji, katikati ya hatua ya saba na ya nane: *Kiongozi wa mradi huu hajawahi kuosha kikombe chake tangu mradi uanze.* Dole gumba likaja kwa sekunde nne. Sentensi ilikaa hadharani siku tisa, kisha Pi-hsia mwenyewe akaiondoa kwa huruma.

Hapo ndipo akaandika kanuni ya kumi na nne. Kanuni za mradi zilikuwa kumi na tatu, ukurasa wa mwisho wa mwongozo, na yeye akaongeza moja, kwa lugha iliyonyooka: *Yeyote atakayebadilisha jambo na kuuacha mwongozo ukisema uongo, atakwenda kwa miguu yake kwa watu waliopotoshwa, asimame nao kusubiri lori, na awabebee mifuko yao ya taka.*

Sekunde tatu. Kanuni ikapita. Pi-hsia akaendelea na shughuli zake kama mtu asiye na habari.

Siku ya arobaini na moja ikaja barua. Aliyeiandika aliitwa Lai Chin-shui, wa mtaa mmoja mjini Chiayi. Alijitambulisha kuwa mstaafu wa reli, mpanga ratiba za treni, na sasa ndiye aliyesimamia programu hiyo kwa niaba ya ofisi ya mtaa. Kwa heshima nyingi alieleza kwamba alifuata ukurasa wa thelathini na moja, unaosema mtu akiandika kumi, simu zitalia dakika kumi kabla ya lori kufika. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Lakini tangu programu ilipofanyiwa marekebisho mwezi uliopita, simu zililia na kabla mtu hajavaa ndala lori lilikuwa limeshapita mlangoni. Alipima mwenyewe mara sita. Ilikuwa sekunde kumi. Wiki mbili sasa mtaa mzima ulikuwa unashuka ngazi mbio, na Bi Wu wa ghorofa ya nne alilikimbiza lori mpaka taa za pili za barabarani akiwa na mfuko wa matumbo ya samaki, kisha akarudi nao nyumbani.

Pi-hsia hakuhitaji kuuliza nani aligeuza dakika kuwa sekunde. Angeweza kumpigia simu na jambo likaisha kimyakimya. Badala yake akaikunja barua vizuri akaitia kwenye mkoba, akangoja Jumamosi.

Walikutana tisa siku hiyo, kwenye duka la chai lililo juu ya fundi baiskeli. Pi-hsia aliwasomea barua yote, pamoja na matumbo ya samaki. Yen-kai alikiri mara moja. Alisema sekunde ni sahihi zaidi kihesabu, kwamba atasahihisha jioni hiyohiyo, na kwamba anasikitika sana kwa ajili ya Bi Wu.

"Vizuri," alisema Pi-hsia. "Na treni ya kwenda Chiayi utapanda ya saa ngapi?"

Yen-kai akauliza treni ya nini. Pi-hsia akageuza kompyuta yake ili wote waone, akawasomea kanuni ya kumi na nne polepole, kama msomaji wa habari.

"Nani aliidhinisha ujinga huu?" Yen-kai aliuliza.

"Wewe, mdogo wangu. Kwa sekunde tatu. Ninayo orodha, kama unataka kujua na kurasa nyingine zilichukua sekunde ngapi."

Watu walicheka mpaka fundi baiskeli akapanda kuangalia kuna nini. Yen-kai alijitetea kidogo, akasema kanuni ni utani, lakini wenzake saba wakasema kanuni iliyopitishwa ni kanuni, na mmoja akaanza kumtafutia nauli ya nafuu. Yen-kai hakuwa mtu wa kununa. Alisema sawa, atakwenda Jumatatu, ila Dada Mkubwa lazima aende naye ashuhudie. Pi-hsia alikuwa ameshakata tiketi yake.

Jumatatu saa kumi na moja na robo jioni walikuwa Chiayi, kwenye kona anaposubiriwa lori, na mtaa ulikuwa umepata habari. Kwa kawaida husimama pale watu kama ishirini. Siku hiyo walikuwa wamezidi hamsini, na wengine, Pi-hsia aliona wazi, walikuwa wameiweka mifuko yao tangu wiki iliyopita kwa ajili hiyo tu. Mzee Lai, mwembamba, shati limepigwa pasi, aliwapokea kwa kuinamisha kichwa na kumtambulisha Yen-kai kwa sauti ya stesheni: huyu ndiye bwana sekunde.

"Kumbe mzuri hivi," alisema Bi Wu. "Shika hii, mwanangu. Na hii. Hii usiinamishe, ina mchuzi."

Walimpakia mpaka akapotea nyuma ya mifuko. Bibi mmoja alitaka kujua kama ameoa. Mwingine akamjibu kwamba kwa sekunde kumi hakuna mwanamke atakayemngoja, na kona nzima ikaangua kicheko. Yen-kai aliomba radhi kwa kila mtu mmoja mmoja, jasho likimtoka. Muziki wa lori uliposikika, alikimbia mara nne kwenda na kurudi, na safari ya tatu ndoo ya mabaki ya chakula ikamwagikia viatu vyake vyeupe. Pi-hsia alisimama pembeni akila karanga za kuchemsha. Ilikuwa jioni nzuri kuliko zote tangu astaafu.

Lori lilipoondoka Mzee Lai aliwakaribisha ofisi ya mtaa ili wanawe mikono, akawawekea mabakuli ya wali wa bata mzinga. Kisha akaleta faili nene. Alikuwa amechapisha mwongozo wote, kurasa sitini na nne, akautoboa na kuufunga, na kila ukurasa ulikuwa na alama za penseli nyekundu pembeni. Wala hakuusoma mara moja tu. Kila baada ya wiki mbili alichapisha kurasa zilizobadilika na kuzilinganisha na za zamani, kwa sababu ndivyo walivyofanya reli na ndiyo sababu treni hazikugongana.

Yen-kai alifunua kurasa mojamoja. Pi-hsia aliona uso wake ukibadilika, kejeli ikimtoka kidogokidogo. Halafu akakwama kwenye ukurasa mmoja, akausogeza karibu na taa. Baina ya hatua ya saba na ya nane, ile sentensi ya kikombe ilikuwa imepigiwa mstari mwekundu, na pembeni, kwa mwandiko safi: *Je, ni kweli?*

"Siku tisa," alisema Pi-hsia haraka. "Ilikaa siku tisa tu."

"Nilitaka kuwaandikia kuhusu hilo," alisema Mzee Lai, "nikaona ni mambo yenu ya ndani."

Yen-kai alimwangalia Pi-hsia, akacheka mwenyewe, akaendelea kufunua. Karibu na mwisho Mzee Lai aliomba radhi kwa kugusa jambo dogo. Alisema mwanzoni hakutaka kuwasumbua kwa barua. Zaidi ya wiki mbili zilizopita, tatizo lilipoanza, alipanda treni kwenda Tainan kuwaona ana kwa ana, kwa kuwa ukurasa wa pili unasema mradi hukutana kila Jumamosi saa nane mchana, duka la chai nyuma ya stesheni. Aliipata nyumba. Lakini ndani walikuwa wanaosha mbwa.

"Nilidhani mnafanya kazi zote mbili," alisema. "Nikawaeleza habari za sekunde. Wakaniuliza mbwa wangu yuko wapi. Nilikaa nao saa nzima."

Duka lile la chai lilifungwa mwaka jana, likageuzwa mahali pa kuoshea mbwa. Walihamia juu ya fundi baiskeli, na aliyechagua mahali papya, aliyewapigia wote simu kuwaarifu, alikuwa Pi-hsia. Ukurasa wa pili ulikuwa wake. Miezi kumi na moja ulikuwa ukisema uongo.

Akalisukuma bakuli lake pembeni. Yen-kai hakucheka. Alifuta mikono yake taratibu, akatoa simu, akatafuta ukurasa wa mwisho wa mwongozo, akasoma kwa sauti ileile ya msomaji wa habari: yeyote atakayebadilisha jambo na kuuacha mwongozo ukisema uongo.

"Lori lijalo ni lini, Mjomba Lai?" aliuliza alipomaliza.

"Kesho. Saa kumi na moja na nusu."

Kwenye treni ya kurudi Pi-hsia alifungua ukurasa wa pili, akausoma upya. Kilichomchoma hakikuwa kichekesho cha mbwa. Alikuwa amewalaumu wenzake mwaka mzima kwa kutoamini kuwa kuna msomaji, na sasa aliona kwamba hata yeye hakuamini. Angeamini, asingeuacha ukurasa wa pili. Aliutunza mwongozo kama mtu anayepanga vitabu kwenye nyumba asiyotarajia mgeni, na kumbe mgeni alikuja, na shati limepigwa pasi, akakalishwa na mbwa.

Jumanne alirudi peke yake, au hivyo alidhani. Yen-kai alishamtangulia, ameketi kwenye kigoda cha Mzee Lai na bakuli mkononi. Pi-hsia alibeba mifuko kumi na saba. Bi Wu alimsifu kwamba ana mgongo imara kuliko yule kijana, kisha akamwongezea ndoo. Mzee Lai alipompokea mfuko wa mwisho alimwomba radhi kwa mara ya tatu, na Pi-hsia akamjibu kwa kumtaka ajiunge na mradi. Mzee alikubali kabla Pi-hsia hajamaliza sentensi.

Wiki iliyofuata Pi-hsia alituma ukurasa mpya wa thelathini na moja, dakika na sekunde zikiwa zimeelezwa vizuri. Akatazama saa ya ukutani. Sekunde kumi, kimya. Dakika kumi, kimya. Alilala bila jibu, akaamka bila jibu, na kesho yake jioni yakaja maoni kumi na saba kutoka kwa Yen-kai. Alikuwa amesoma kila neno. Alisema aya ya tatu inaweza kueleweka kwa namna mbili, na kibaya zaidi ni kwamba alisema kweli. Alipinga nukta mkato yake. Chini ya maoni hayo Mzee Lai, siku yake ya pili kwenye mradi, alikuwa ameandika kwamba wote wawili wamekosea, na ameambatisha picha ya ukurasa wenye penseli nyekundu.

Pi-hsia alikasirika hivi kwamba ilimbidi asimame, azunguke meza, ajitengenezee chai. Kisha akakaa, akavuta kompyuta karibu. Alianza na ile nukta mkato, ambayo hakuwa na nia ya kuiachia hata wakibishana mwezi mzima.